Nani ana haki ya kuzima redio?



Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, hapa Mutarule, Congo, zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao wakiwa ibadani. Wanajeshi wetu na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, walikuwa kilomita chache tu kutoka hapa. Walijulishwa, lakini hawakufika kwa wakati. Asubuhi inayofuata usiku kama ule, kila mtu wa bonde la Ruzizi anatafuta redio. Anataka kujua nani amekufa, barabara ya kwenda Uvira inapitika au imefungwa, na watoto watalala wapi giza likiingia tena. Asubuhi hiyohiyo ndipo mkubwa fulani anaweza kumpigia simu mkurugenzi wa redio na kumwambia: nyamazeni, mnachochea watu.

Je, simu ya namna hiyo ni sheria? Hapana.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 212, iliunda Baraza Kuu la Redio, Televisheni na Mawasiliano, lile tunaloliita CSAC. Kazi ya kwanza iliyoandikwa pale ni kuhakikisha uhuru wa vyombo vya habari na kuvilinda. Kusimamia maadili ya kazi kunakuja baadaye, pamoja na kuona kwamba vyama, mashirika na raia wanapata nafasi ya haki katika vyombo vya serikali. Sheria namba 11/001 ya tarehe 10 Januari 2011 ikapanga wajumbe wake 15 na madaraka yao. Katiba imeiweka CSAC pamoja na CENI, tume ya uchaguzi, katika taasisi za kuitegemeza demokrasia. Basi CSAC si idara ya wizara, wala si tawi la ANR, idara ya usalama wa taifa. Na mkuu wa wilaya hana ruhusa ya kuazima madaraka yake.

Baraza hili lina mzazi, na ni vizuri tumkumbuke. Katika mazungumzo ya amani ya Sun City, Afrika ya Kusini, waliokuwa wakipigana walijua kwamba atakayeshika peke yake redio ya taifa ataushika na uchaguzi. Ndiyo sababu ikazaliwa Haute Autorité des Médias, yaani Mamlaka Kuu ya Vyombo vya Habari, iliyopewa sheria yake Julai 2004. Tarehe 27 Julai 2006, siku tatu kabla ya uchaguzi, ofisi zake Kinshasa zilivamiwa na kuporwa wakati wa ghasia za mkutano wa kampeni. Sheria ilikuwepo, lakini ulinzi haukuwepo.

Wapo wanaosema redio iachwe iseme itakavyo. Siwezi kukubali, na sidhani kama mtu wa bonde hili anaweza. Ng'ambo ya Ruzizi, redio RTLM ya Rwanda ilianza mwaka 1993 kwa muziki na mazungumzo, ikamaliza kwa kuelekeza wauaji kwa majirani zao. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa huko Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili. Hata huku kwetu, katikati ya miaka ya 1990, redio ya siri iliyoitwa Rutomorangingo ilirusha chuki kuelekea Burundi kutoka pande za Uvira. Kwa hiyo msimamizi anahitajika, na awe na meno. Ninachouliza ni hayo meno yamefungwa kwa sheria gani.

Tuangalie Burundi mwaka 2015. Tarehe 13 na 14 Mei, jaribio la mapinduzi lilipoanguka, redio huru za Bujumbura zilishambuliwa, na RPA ikachomwa. Kesho yake, tarehe 15 Mei, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya habari ya Burundi ya mwaka 2013 vilivunja misingi ya demokrasia iliyomo katika mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baadaye matangazo ya RPA yalisikika kupitia Radio Le Messager du Peuple ya Uvira, hadi wakuu wa Congo walipoyasimamisha mwaka huohuo. Leo Congo ni mwanachama wa jumuiya hiyo, tangu 2022. Mkataba uliotumika kuihukumu Burundi umetufunga na sisi.

Na CSAC yenyewe? Desemba 2012 ilikata matangazo ya Radio Okapi mjini Kinshasa kwa siku kadhaa, baada ya redio hiyo kumpa nafasi kiongozi wa waasi wa M23. Juni 2025 mwenyekiti wake alitangaza marufuku ya kuripoti habari za rais mstaafu Joseph Kabila na chama chake. Najua nchi ilikuwa vitani, na Bukavu ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Februari. Hata hivyo ibara ya 24 inasema kila mtu ana haki ya kupata habari, na mlinzi wa haki hiyo ndiye aliyekuwa anaifunga. Hapa ndipo penye udhaifu. Wajumbe hupendekezwa na makundi mbalimbali, lakini wanaingia kazini kwa amri ya Rais wa Jamhuri, na fedha zao zinatoka hazina ya serikali. Anayengojea mshahara kutoka kwa serikali atapata wapi nguvu ya kuikatalia?

Wakurugenzi wa redio za Uvira na bonde lote: mkiambiwa mfunge, ombeni karatasi. Iandikwe ni nani ameamuru, kwa ibara gani, kwa siku ngapi, na kama mlisikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Barua isiyo na mambo hayo pelekeni kwa wakili, msiipeleke studio.

Na ninyi waheshimiwa wabunge mliochaguliwa Uvira, kikao cha bajeti kinafunguliwa tarehe 15 Septemba kila mwaka. Tunawaomba mpiganie fungu la CSAC lipitishwe na Bunge na litolewe lote, bila baraza kwenda kubisha mlango wa waziri.