Uvimbe wa Kifua kwa Wanaume: Kabla na Nyuma ya Operasyo
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Opala)



Jambo la leo wanaume hawapendi kulitaja. Tunapopita kwa waliorudi, wanatuita pembeni: ziwa limevimba kama la msichana. Wengine hawavui tena shati mtoni. Tuongee wazi basi.

Kwanza, hii siyo uchawi. Mwili wa mwanaume una homoni za kiume na kidogo za kike. Mtu akikaa na njaa siku nyingi, mwili unapunguza kazi ya kuzitengeneza. Akirudi kula vizuri, zinaanza tena bila kulingana, na nyama ya ziwa inavimba. Waganga waliona hivyo kwa wafungwa wa vita waliofunguliwa mwaka 1945. Kwa hiyo hata waliokimbia Lubunga mwaka 2023, au waliolala porini, inaweza kuwapata wakianza kushiba. Mara nyingi inaisha yenyewe, sawa na ile ya vijana wanaobalehe: miezi, au mwaka mmoja, miwili. Dawa nazo zinaweza kuileta, kama efavirenzi ya UKIMWI. Usiache dawa! Rudi kwa munganga, yeye ndiye atabadilisha.

Nyama ikikaa na kuwa ngumu, operasyo ipo, kwa munganga aliyesomea kupasua. Lakini woga mkubwa unakuja nyuma yake, mtu akipapasa kifua na kukuta bonge. Tulitenganishe:

Siku mbili za kwanza: upande mmoja ukivimba haraka, ukakaza na kuuma sana, ni damu inajikusanya ndani. Rudi hopitali saa ileile, hata usiku.

Majuma ya kwanza: uvimbe unaotikisika kama maji ndani ya mpira ni maji ya kidonda. Machache mwili unayanyonya. Yakiwa mengi, munganga anayavuta kwa sindano safi. Usitoboe nyumbani, usichanje chale.

Kuanzia juma la pili au la tatu: bonge gumu chini ya chuchu mara nyingi ni kovu la ndani. Linalainika polepole, miezi mitatu hadi sita. Siyo ziwa limerudi. Pande mbili kutolingana wakati huo pia ni kawaida.

Homa, usaha, ngozi kuwa nyekundu na moto: ni mikrobu. Usingoje.

Bonge linaloendelea kukua, chuchu kutoa damu, au tezi kwapani: lipimwe. Kansa ya ziwa kwa mwanaume ni chache, karibu mtu 1 kati ya wagonjwa 100 wa kansa hiyo, lakini ipo.

Sasa tufike penye shida yetu. Munganga anasema: vaa fulana ya kubana, usibebe mzigo majuma manne hadi sita. Kwetu hiyo maana yake hakuna kupiga kasia Lomami, hakuna kusukuma kinga yenye magunia, hakuna kupanda ngazi. Nyumba itakula nini? Ndiyo sababu wengi wanarudi kazini siku ya kumi, na kidonda kinafunguka.

Tunapendekeza mambo matatu. Majirani wachukue zamu kwenye shamba la mgonjwa. Likelemba impe zamu yake mbele. Na mfuko uweke nauli ya kurudi kuonwa Kisangani, pesa ya moto na ya mtumbwi. Wafadhili, tunawaomba mlione hili: bei ya operasyo inaonekana kwenye karatasi, lakini nauli ya kurudi haionekani. Anayelipa ya kwanza bila ya pili amelipa nusu.

Mama zetu, msiwacheke waume na watoto wenu. Aliyechekwa anaficha, na mficha maradhi kilio humfichua.

 Maulizo yapo?