Akiba ya Uzeeni Bei Zinaposhuka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Homa Bay na Migori)



Reli yenyewe haikufika Homa Bay, lakini zamani meli za reli zilitia nanga hapa gatini kutoka Kisumu, na vijana wengi wa pande hizi walipanda meli hizo kwenda kutafuta kazi. Kwa hiyo, sisi wa reli tukisimama hapa hatuoni kwamba tuko ugenini.

Jambo letu ni akiba ya uzeeni. Mtakumbuka kwamba mwaka wa 2023, karatasi za hesabu zilipogawanywa, baadhi ya wenzetu walikuta faida ndogo mno, na wengine hasara, ingawa mishahara yao ilikatwa kila mwezi bila kukosa. Maneno yakawa mengi. Mmoja akasema ameibiwa, na mwingine akataka kuacha kazi ili achukue fedha zake anunue pikipiki. Sasa bei zimepanda tena na makelele yamekwisha, na ndiyo maana twapenda kusema leo. Mtu hachagui vizuri akiwa na hofu.

Kwanza tuelewe kinachoshuka. Fedha tunazokatwa haziwekwi ndani ya sanduku. Hununuliwa vitu: hisa za makampuni, hati za serikali, majumba na ardhi, na nyingine huwekwa benki. Bei za vitu hivyo hupanda na kushuka. Tutazame hisa za Safaricom, ambazo hata mvuvi wa omena amezisikia. Mwaka wa 2008 ziliuzwa kwa watu kwa shilingi 5 kila moja. Mwanzoni mwa mwaka wa 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3. Mwaka wa 2021 zikapita 40, na mwisho wa mwaka wa 2023 zikawa chini ya 15. Mwaka wa 2025 zikapita 25. Hisa ni zile zile. Aliyenunua kwa 40 akauza kwa 15 alipoteza zaidi ya nusu ya mali yake, na hasara yake ikawa imefungwa siku ile aliyouza.

Watu wengi hudhani hati za serikali haziwezi kushuka. Hushuka, na sababu yake ni rahisi. Ukiwa na hati ya shilingi 100 inayokupa shilingi 12 kwa mwaka, halafu serikali ikatoa mpya zenye faida ya zaidi ya 18 kwa 100, kama ilivyofanya Februari 2024, nani atanunua ya kwako kwa shilingi 100? Hapana budi uipunguze bei. Lakini ukiishika mpaka siku yake ya mwisho, serikali ikilipa, utapata shilingi 100 zako kamili na faida yake yote. Basi wengi walioona hati zimeshuka katika karatasi ya hesabu hawakupoteza kitu, ila kama walilazimika kuuza.

Neno hilo, kulazimika kuuza, ndilo tunaloliomba mlishike. Ndugu zetu wa Awendo wanalijua kwa miwa. Mkulima mwenye shida hukata miwa kabla haijakomaa, na kwenye mizani inakuwa nyepesi. Mwaka wa 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa katika viwanda vya magharibi kwa sababu miwa michanga ilikuwa ikikatwa ovyo. Shamba halikuwa na kosa; mwenye shamba alikuwa na njaa ya fedha kabla ya wakati.

Basi swali la kwanza si kwamba bei zimeshuka kiasi gani. Swali ni: fedha hizi utazihitaji lini? Kijana wa miaka 30 anayekatwa shilingi 1,000 kila mwezi, kushuka kwa bei kwake si msiba. Kipande cha mfuko kikiwa shilingi 20, hupata vipande 50. Kikishuka hadi 10, hupata 100 kwa fedha zile zile. Hisa zaweza kumfaa, maana ana miaka 30 ya kungoja. Lakini mzee wa miaka 58 mwenye shilingi 600,000 hana nafasi hiyo. Zikishuka kwa robo atabaki na 450,000, na ili arudi alipokuwa, hizo 450,000 hazina budi kupanda kwa theluthi nzima. Mzee huyu yafaa ahamishwe polepole, miaka mitano kabla ya kustaafu, kutoka hisa kwenda hati fupi za serikali, benki, au mfuko wenye dhamana, ambao kampuni ya bima huahidi faida isiyopungua kiwango fulani. Mfuko wa namna hiyo hauna furaha kubwa mwaka wa neema. Kijana akiuingia kwa sababu ya hofu ya mwaka mmoja, bei za vitu dukani zaweza kumshinda mbio.

Sasa tuseme la reli, maana wazee wa reli mliomo humu mwalijua kuliko sisi. Mwaka wa 2006, Shirika la Reli lilipokuwa likikabidhi treni kwa Rift Valley Railways, malipo ya wastaafu yalihamishiwa katika mfuko wa peke yake. Shirika halikuwa na fedha taslimu za kutosha, likaupa mfuko ardhi na majumba: Muthurwa, Makongeni na mahali pengine. Kanuni za mifuko ya uzeeni hapa Kenya hutaka majumba na ardhi yasizidi 30 katika kila 100 za mali ya mfuko. Mfuko huu ulianza ukiwa karibu wote ni ardhi na majumba. Katika karatasi ulikuwa tajiri, lakini mstaafu hali ukuta wala hanunui dawa kwa hati ya kiwanja. Ili kulipa, ilibidi kuuza, na kuuza kukawa na kesi. Wapangaji wa Muthurwa walikwenda mahakamani mwaka wa 2010, na Mahakama Kuu ilipotoa hukumu mwaka wa 2013 ilisema haki zao zilivunjwa. Wapangaji walikuwa na haki yao, na wazee walikuwa na haki yao pia ya kulipwa. Katika miaka hiyo wazee walikaa miezi wakingoja, ingawa bei ya ardhi ya Nairobi haikushuka hata kidogo.

Twalisema hili kwa sababu hapa Migori tunasikia kila siku kwamba ardhi haidanganyi. Kiwanja ni kitu kizuri, lakini muulize anayekuambia hivyo: ukiugua Jumatatu, utakiuza kabla ya Ijumaa?

Wengine watasema, sisi hatuchagui, wenye kuchagua ni wadhamini. Ni kweli katika mifuko mingi ya waajiri. Lakini katika mfuko ambao kila mtu ana hesabu yake ya makato, sheria hutaka nusu ya wadhamini wawe wameteuliwa na wanachama. Tena wadhamini hutakiwa kuitisha mkutano wa wanachama kila mwaka. Huko ndiko kwa kuuliza: hisa ni ngapi katika 100, hati ngapi, majumba mangapi? Mwaka ujao watastaafu watu wangapi, na fedha za kuwalipa ziko tayari wapi? Je, wenye miaka 55 wametengwa na vijana, au wote wamo katika chungu kimoja? Tumeona mikutano ambayo maswali yote yalikuwa juu ya chakula cha mchana.

Baada ya mkutano huu tutakaa chini ya mti pale nje. Mwenye karatasi yake ya hesabu ailete, na asiyesoma Kiingereza asione haya, tutaisoma pamoja naye mstari kwa mstari. Wenye miaka 55 na zaidi waje kwanza.