Barafu, Theluji na Mgando: Kiswahili Mbele ya Bahari Inayoganda



Bahari ya Hindi haigandi katika pwani yetu, na sitarajii igande. Hata hivyo nimechagua kuzungumzia namna Kiswahili kinavyoweza kuitaja bahari iliyoganda, kwa sababu hatupiti mwezi bila kusikia redioni kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka na kwamba, kwa hiyo, bahari inapanda. Sentensi hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe imo katika neno barafu.

Maneno yetu mawili ya fani hii ni wageni wa zamani. Barafu asili yake ni Kiajemi, ambamo barf ni ile inayoanguka kutoka mawinguni, ilhali maji yaliyoganda huitwa yakh. Theluji imetoka katika Kiarabu, na thalj katika mazungumzo ya kila siku ya Waarabu hubeba vitu vyote viwili. Mswahili aliyapokea maneno hayo akayagawia kazi upya: theluji ikawa ya angani, barafu ikawa kitu kigumu cha kushikika. Mgawanyo huo ni wetu wenyewe, na ni mzuri. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake aliuita baridi tu. Wapo wasomi wa London waliobisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na Ikweta. Yule kiongozi, kwa neno lake moja, alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wao.

Wala si kweli kwamba nchi za barafu ni ngeni kabisa katika nathari yetu. Salim bin Abakari, mwenyeji wa Komoro aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, na maelezo yake ya Kiswahili yakachapishwa na Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Mwaka huohuo wa 1896, merikebu ya Nansen iitwayo Fram ilichomoka katika barafu baada ya kuchukuliwa nayo karibu miaka mitatu, tangu iliponaswa kaskazini ya Siberia mwaka 1893. Jambo hilo lilirudiwa kwa makusudi mwaka 2019, meli ya utafiti Polarstern ilipofungwa katika barafu ya Aktiki na kuelea nayo hadi mwaka 2020.

Mtazamaji aliyemo katika meli ya namna hiyo hufanya nini? Aghalabu husimama kwenye chumba cha usukani na kila saa huandika mambo machache: sehemu ngapi katika kumi za bahari zimefunikwa, barafu ni ya aina gani, ina unene gani, na juu yake pana theluji kiasi gani. Unene hukadiriwa kwa kutazama mapande yanayobinuka ubavuni mwa meli, yakilinganishwa na kijiti chenye alama kilichoning'inizwa hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ni kutaja majina. Asiye na jina la aina hana cha kuandika katika safu ile.

Maji ya chumvi huganda kwenye nyuzi kama 1.8 chini ya sifuri. Kwanza huonekana sindano ndogondogo zinazoelea. Zikizidi, uso wa bahari huwa mzito na kufifia bila kung'aa, kama uliopakwa mafuta mazito. Pasipo mawimbi, utando mwembamba hutanda na kupindapinda bila kukatika. Penye mawimbi, utando haupati nafasi. Hutokea visahani vinavyogongana hadi kingo zake zikainuka. Waingereza, Wajerumani na Warusi wote wamekwenda jikoni kutafuta jina la visahani hivyo, kila mmoja kwa chapati za kwao. Sisi tukiwaigiza tutasema chapati, lakini chapati haina ukingo. Mimi naona sinia linafaa zaidi.

Na jikoni ndiko ninakotaka kuwapeleka, hasa Vingunguti, wilayani Ilala. Katika mitaa kama ile, mama mwenye friza huuza barafu za ukwaju na ubuyu katika vifuko. Muulizeni, atawaambia kwamba maji matupu hushika mapema, lakini yenye sukari huchelewa na hayakazi sawasawa. Mtoto anayeinunua anajua zaidi: akiifyonza, rangi na utamu hutoka kwanza, mkononi kikabaki kipande cheupe kisicho na ladha. Bahari hufanya vivyo hivyo. Maji yanapoganda huisukuma chumvi nje, nyingine ikabaki katika vijishimo vya maji makali, ambayo huchujika polepole. Ndiyo maana barafu kongwe, iliyopita kiangazi bila kuyeyuka, mabaharia waliweza kuiyeyusha wakanywa. Kushika, kukaza, utando, kongwe: msamiati umo vinywani mwa watu kabla ya kamati yoyote ya istilahi kukaa.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya redio. Mtoto yuleyule akijaza bilauri maji hadi ukingoni huku kipande cha barafu kikielea ndani yake, akangoja kiyeyuke, maji hayatamwagika. Akiwa mwerevu atasema redio imedanganya. Hakuna atakayeweza kumjibu kwa neno barafu peke yake, kwa kuwa linachanganya barafu iliyolala juu ya nchi kavu ya Greenland na Antaktika, ambayo ikiingia baharini huipandisha, na ile iliyozaliwa baharini, ambayo imekwisha kuelea na ikiyeyuka huipandisha kwa kiasi kidogo mno. Hasara ya hii ya pili ni nyingine: weupe wake hurudisha mwanga wa jua, nao ukitoweka bahari nyeusi hulifyonza joto. Mnamo Septemba 2012 eneo lake katika Aktiki lilishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4.

Kusema barafu ya bahari hakutoshi. Kiunganishi -a hakituambii kama kitu kimetoka baharini au kimekutwa baharini, na mlima wa barafu uliomeguka kutoka nchi kavu nao umo baharini. Napendekeza mgando wa bahari. Neno mgando tunalo katika maziwa, na linabeba wazo la kitu kilichoganda palepale kilipokuwa. Najua nitaambiwa linanuka maziwa. Sinia nalo linanuka pilau, na halijaharibika. Barafu tuiachie nchi kavu na milima iliyomeguka kutoka huko. Theluji ibaki pale ilipo, juu ya mgando, ambako mtazamaji wetu anapaswa kuipima kwa sentimita katika safu yake ya mwisho.