Mtoto Asiyeitika Jina Lake: Usonji ni Nini na Hutambuliwaje

Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu za kikundi. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya watoto ambao hawaletwi mikutanoni. Wanabaki nyumbani. Wengine wamefungiwa chumbani, wengine wamefungwa kamba mguuni wasije wakapotea wakati mama yuko shambani. Na mama mwenyewe hana raha, maana anajua yanayosemwa nyuma yake: amelaaniwa, mahari haikumalizwa, ni mapepo, au amemdekeza mtoto.

Baadhi ya watoto hao wana usonji. Neno ni geni kwa wengi wetu, lakini hali yenyewe si ngeni hata kidogo. Ni ubongo kukua kwa njia tofauti tangu mapema sana, hata namna mtoto anavyohusiana na watu, anavyowasiliana, na anavyopokea sauti, mwanga na kuguswa huwa tofauti na ya wenzake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo lokesheni yenye watu 12,700 ingekuwa nao kama 100 hivi. Hebu jiulizeni wako wapi.

Tuanze na hii lawama, kwa sababu ndiyo inayowaficha watoto. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliokuwa na hali hii. Kwa miaka mingi baada ya hapo, wataalamu waliosoma sana huko Marekani na Ulaya walisema kosa ni la mama, eti hakumpenda mtoto wake ipasavyo. Kwa hiyo jameni, kumlaumu mama si ujinga wa kijijini peke yake! Mwaka 1977 watafiti wawili, Susan Folstein na Michael Rutter, walichapisha habari za jozi 21 za mapacha. Pale pacha mmoja alipokuwa na usonji, mwenzake wa kufanana kabisa alikuwa nao mara nyingi kuliko pacha wasiofanana. Hapo ikaonekana wazi kwamba mambo ya urithi yanahusika sana. Mapenzi ya mama hayakuwa na kosa lolote.

Chanjo nazo zimesingiziwa. Habari hiyo ilitoka London mwaka 1998, katika makala juu ya watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha likaifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461, na waliochanjwa dhidi ya surua hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Pelekeni watoto wachanjwe. Surua inaua.

Sasa tufike kwenye swali ambalo tunaulizwa kila tunapokwenda: kwa nini asipimwe damu tukajua mara moja? Jibu ni kwamba hakuna damu, mkojo wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Mtu akikuambia ana mashine ya kuupima, au dawa ya kuuondoa, shika mfuko wako. Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaoishi naye. Ndiyo maana tunasema ushahidi mkubwa uko kwenu, hauko hospitalini.

Madaktari wengi hufuata vigezo vilivyoandikwa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013. Wanaangalia pande mbili. Upande wa kwanza ni kuhusiana na kuwasiliana. Mtoto wa mwaka mmoja ukimwita jina hageuki, ingawa akisikia karatasi ya biskuti anakuja mbio. Hakuletei kitu ili ukione tu na kufurahi naye. Ndege ikipita, watoto wengine huinua kidole na kukutazama, kana kwamba wanasema, 'Umeiona?' Yeye hafanyi hivyo. Akitaka maji anaushika mkono wako na kuuvuta hadi kwenye mtungi, kama vile mkono ni chombo. Wengine husema maneno machache, halafu kati ya mwaka mmoja na miwili maneno yanapotea. Hilo likitokea usingoje hata wiki.

Upande wa pili ni kurudiarudia mambo na kushikilia utaratibu. Anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja saa nzima, anazungusha gurudumu la kigari cha waya, anapunga mikono, anarudia maneno ya redio bila kuzungumza na mtu. Mkipita njia nyingine kwenda sokoni analia mpaka mnarudi. Mashine ya kusaga ikiwashwa anaziba masikio na kupiga kelele, lakini akijikata mguu halii. Pengine anakula ugali peke yake, na mboga ikiugusa hali tena.

Ishara moja haitoshi. Kuna watoto wanaochelewa kusema na baadaye wanasema vizuri tu. Daktari anataka kuona pande zote mbili, zikiwa zimeanza utotoni, na zikiwa zinamzuia mtoto katika maisha ya kila siku. Tena wavulana wanaopatikana ni wengi kuliko wasichana, lakini tunadhani wasichana wetu wengi hupitwa. Msichana mkimya huitwa mwenye adabu, na mambo yanaishia hapo.

Hapa tuseme jambo moja ambalo vitabu vya ng'ambo havisemi sana. Vitabu hivyo vinataja sana mtoto asiyekutazama machoni. Kwetu mtoto hufundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Basi usimpime kwa namna anavyomtazama mzee au mwalimu. Mtazame akiwa na mama yake, au akicheza na watoto wa rika lake, wakati hakuna anayemwangalia.

Kabla ya kusema ni usonji, masikio yapimwe. Mtoto asiyesikia naye haitiki jina. Mwelezeni daktari kama mtoto alizaliwa kwa shida, kama aliugua malaria iliyopanda kichwani, au kama huanguka kifafa. Kifafa huwapata watoto wenye usonji mara nyingi kuliko wengine, na kifafa kina dawa.

Mahali pa kuanzia ni kliniki ya watoto. Kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina kurasa za hatua za kukua, si za uzito na chanjo peke yake, na tunasikitika kwamba nyingi hubaki tupu. Muuguzi anaweza pia kutumia orodha ya maswali 20 iliyotungwa Marekani kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Orodha hiyo haisemi mtoto ana usonji. Inasema tu kama anahitaji kuchunguzwa zaidi. Halafu kuna vituo vya kutathmini watoto vya Wizara ya Elimu, vinavyoitwa EARC. Vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mara nyingi viko ndani ya shule ya msingi. Muulizeni mwalimu mkuu kilicho karibu nanyi. Wao humtathmini mtoto na kushauri asome wapi. Kuthibitisha usonji wenyewe ni kazi ya daktari wa watoto, daktari wa akili au mwanasaikolojia, na hao wengi wako kwenye hospitali kubwa za rufaa.

Safari hiyo ni nauli, na wakati mwingine ni kwenda zaidi ya mara moja. Hapo ndipo kikundi kinapoingia. Mnachanga kwa matanga na kwa harusi. Mama huyu naye apewe zamu yake ya mzunguko mapema. Mmoja wenu anayejua kuandika akae naye na daftari jioni mbili tatu: mtoto alianza kusema lini, aliacha lini, anafanya nini akiitwa, anaogopa nini, analalaje. Daktari ana dakika chache, na mama aliyechoka husahau nusu ya mambo.

Wala msingoje karatasi ya daktari ndipo mwanze kumsaidia. Kaa naye chini, cheza anachocheza yeye, taja vitu kwa neno moja moja, mwonyeshe kitu kabla ya kukitaja, na ratiba ya siku isibadilike ovyo. Mfungueni kamba, jirani mmoja akae naye wakati mama analima. Wako wanaokuja kusema wakiwa wakubwa, na wako wasiosema kamwe lakini wanajifunza kuomba kwa picha au kwa ishara.

Siku ya kwenda kliniki, kama mtoto hushinda na nyanya yake, nyanya naye apande gari. Yeye ndiye anayemwona mchana kutwa, na daktari atakuwa na maswali ambayo ni yeye tu anaweza kuyajibu.