NENO KUSOMA NA SAFARI YAKE KATIKA UGANDA

  

Neno lililochaguliwa leo ni moja tu, nalo ni kusoma. Hakuna mtoto asiyelijua. Lakini mtu akikutana na jirani yake Mganda au Msoga asubuhi ya Jumapili, akamwuliza aendako, huenda akajibiwa kwamba anakwenda kusoma, na jirani huyo haendi shule, anakwenda kanisani. Kwa Kiganda, okusoma ni kusoma kitabu, na ni kusali sala ya Kikristo vilevile. Mwislamu katika lugha hiyohiyo hasemwi kwamba asoma, bali asaala, neno lililotokana na kusali. Hivyo majirani wawili wamegawana maneno mawili, na katika mgawo huo kitabu kimeangukia upande mmoja. Mgawo huo umewagharimu Waislamu wa nchi hii gharama kubwa.

Ajabu yake ni kwamba Waislamu ndio waliotangulia. Uislamu ulifika katika baraza la Kabaka Suna mwaka 1844 kwa mkono wa mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Zama za Kabaka Mutesa, aliyefunga Ramadhani tangu mwaka 1867, vijana wa ikulu walifundishwa herufi za Kiarabu na kuhifadhi sura za Qurani, nao wakaitwa abasomi, yaani wasomaji. Mwaka 1876 wengi wao waliuawa kwa amri ya Kabaka, kwa kuwa waliishika dini kuliko alivyopenda, wakakataa hata nyama yake iliyochinjwa na wasio Waislamu. Wamisionari wa Kiingereza waliingia mwaka 1877 na wa Kifaransa mwaka 1879, wakalikuta neno limekwisha kuwapo. Wao walilichukua tu.

Wala halikuwa neno lisilofaa kwa Waislamu, maana jina la Qurani lenyewe latoka katika mzizi wa qara'a, kusoma, na neno la kwanza kuteremshwa katika pango la Hira lilikuwa Iqra. Wayahudi nao Maandiko yao huyaita Mikra, kutoka mzizi huohuo. Lakini qara'a si kutazama karatasi tu. Ni kutamka kwa sauti, hata kwa moyo, na ndiyo maana Mswahili husema kipofu amesoma Yasini, wala hakosei. Husema pia mgonjwa amesomewa. Na somo kwa Waswahili si funzo la darasani peke yake. Ni jina la bibi amfundaye mwari, na la rafiki mliyeitwa jina moja.

Wabukusu, ndugu wa Wagisu, husema khusoma. Wanyarwanda wana gusoma, na kwao neno hilo ni kusoma, na kuonja kinywaji kidogo, na kubusu. Wazee na wasishtuke. Walatini walisema legere, na Wajerumani husema lesen, na maneno yote mawili maana yake ya kale ni kuokota na kukusanya, kama mtu akusanyavyo zabibu. Baadhi ya wanazuoni wa lugha ya Kiarabu nao waliona maana ya kukusanya ndani ya qara'a.

Turudi Uganda. Serikali ya Kiingereza iliiacha kazi ya shule mikononi mwa misheni kwa miaka mingi, na idara ya elimu haikuundwa mpaka mwaka 1925. Shule za Mwiri karibu na Jinja, na Nabumali karibu na Mbale, zote zilianzishwa na misheni ya Kianglikana. Basi mzazi Mwislamu alipoambiwa amtoe mwanawe akasome, alisikia mambo mawili kwa neno moja: akajue kuandika, na akabatizwe. Hakuwa mjinga, maana wako watoto waliokwenda wakiwa na jina moja wakarudi wakiwa na jingine. Wengi waliwaweka watoto wao chuoni kwa mwalimu wa Qurani, na huko wakasoma kwa maana ya kutamka. Kisha wakakua wakawa madereva, wachinjaji na wachuuzi, huku ukarani na utabibu ukienda kwa wengine. Hofu ya wazazi ilikuwa ya haki. Hasara nayo ilikuwa ya kweli.

Yuko mtu mmoja aliyeishi Jinja na Mbale, ambaye kisa chake chaonyesha nguvu ya neno hili. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale. Kisha tangu mwaka 1906 alikuwa Jinja, rais wa Lukiko ya Busoga, mpaka aliporudi Mbale. Alisoma Biblia ya Kiganda bila kungoja mtu wa kumfasiria, na mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe, akajitangaza Myahudi. Jamaa yao, Abayudaya, wangalipo karibu na Mbale. Waliomfundisha kusoma hawakutazamia hayo.

Waislamu walipoanza kujenga shule zao wenyewe, wakiongozwa na Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Kibuli, ambaye si wa ukoo wa huyo jemadari, hawakubuni neno jipya. Waliziita kwa jina lilelile la Kiganda, essomero, mahali pa kusomea. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafunguliwa hapo Mbale, matunda ya azimio la mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974. Katika viwanja vyake mwanafunzi akiulizwa kama amesoma, hana budi kuuliza kwanza: Qurani, au masomo ya mtihani? Na jirani yake Mkristo, akiulizwa hivyo siku ya Jumapili, atajibu kwamba ametoka kanisani sasa hivi.