MAJI SAFI, NA KUJIWEKA TAYARI KABLA YA SHIDA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chamwino)



 Mimi si mganga wala si fundi wa mitambo. Mimi ni karani, na nitakayosema ni mambo ambayo karani aweza kuyaona kutoka mezani pake. Habari yangu ni maji ya kunywa katika vijiji vyetu, na namna ya kujiweka tayari kabla shida haijabisha hodi.

Nchi hii ya Ugogo twaijua. Mvua huja mara moja kwa mwaka, yapata Desemba hadi Aprili, na kipimo chake kwa kawaida ni milimita 500 au 600 hivi. Baada ya hapo makorongo hukauka, na watu huchimba mchanga kuyatafuta maji yaliyojificha chini. Visima virefu vya mashine vimeleta faida kubwa, walakini kisima kikisimama, kijiji kizima hurudi korongoni siku ile ile.

Wazee wetu walijifunza kwa uchungu kwamba katika nchi ya namna hii watu huishi kwa akiba. Njaa ile iitwayo Mtunya, iliyowapata Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Basi mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu. Ukame ni amri ya Mungu, lakini ghala tupu ni kazi ya wanadamu.

Tena maji yakiwa haba, maradhi huingia. Mwaka 1854 katika mji wa London, Daktari John Snow alichunguza vifo vya kipindupindu mtaa kwa mtaa, akaona kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street. Akawashauri wakubwa wa mahali pale, na mpini wa pampu ukaondolewa. Twapaswa kukumbuka kwamba silaha yake ilikuwa ni hesabu na orodha ya majina, yaani kazi tuifanyayo sisi kila siku. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1997 watu zaidi ya 40,000 waliugua kipindupindu, na zaidi ya 2,000 wakafa. Mwezi wa Agosti 2015 kilizuka tena Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi, na Dodoma nayo haikusalimika.

Sasa nawaombeni ruhusa niseme habari yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kazini katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja jina. Kisima kilikuwa na pampu nzuri, na kamati ilikuwa na fedha benki. Mwezi wa Oktoba pampu ikasimama. Fundi akaifungua, akasema kilichoharibika ni kifaa kidogo, ambacho bei yake haifiki bei ya mbuzi mmoja. Lakini fedha hazikuweza kutolewa, kwa kuwa zilitakiwa sahihi za watu watatu, na mmoja wao alikuwa amekwenda likizo pasipo kumwachia mwingine madaraka. Muda wa siku kumi na moja wanawake walichota maji korongoni pamoja na mifugo. Watoto wakaanza kuhara, na mtoto wa jirani mmoja akachukuliwa hospitali akiwa hajiwezi. Mungu akamponya.

Wenzangu, yule aliyekwenda likizo ni mimi. Niliporudi, baba wa mtoto alinisalimu kwa adabu kama siku zote, wala hakuniuliza neno. Salamu ile ningali nayo moyoni. Hesabu zangu zilikuwa sawasawa hata senti ya mwisho; daftari lilikuwa safi, na maji ndiyo yaliyokuwa machafu.

Kwa hiyo naomba tuyashike mambo manne.

Kwanza, sahihi. Tangu sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, maji ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumiaji maji wenyewe, na wengi wetu huombwa ushauri wa hesabu zao. Tuhakikishe kwamba kila mtia sahihi ana wa kumshika mkono, na kwamba fungu la matengenezo halitumiwi kwa shughuli nyingine.

Pili, vifaa. Yale yaharibikayo mara kwa mara yanunuliwe mwezi wa Mei, yawekwe kabatini na kuandikwa daftarini, pamoja na jina la fundi na la badala yake. Kununua Oktoba ni kuchelewa.

Tatu, mapaa. Milimita moja ya mvua juu ya paa la meta moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la shule la meta 100 za mraba, mvua ikiwa milimita 500, hupokea lita 50,000. Hata tukipoteza sehemu ya tano, zabaki lita 40,000. Mapaa ya ofisi na shule ni mengi. Mifereji na matangi ndiyo machache. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, kisha tangi lifunikwe.

Nne, nyumbani. Mtu mmoja ahitaji lita 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa. Watu sita ni lita 90, yaani madumu manne na nusu. Kwa kunywa tu, lita tatu kwa kila mtu ni lita 18, karibu dumu moja. Kila nyumba na iweke madumu mawili ya maji salama, nayo itakuwa na akiba ya kunywa ya siku mbili. Maji yachemshwe mpaka yatokote sana. Au yachujwe kwa kitambaa safi, yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa, na kungojewa nusu saa. Lakini tusidanganyike: kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi chumvi.

Wazee wetu makarani, chini ya Bwana Martin Kayamba, walipoanzisha chama chao Tanga mwaka 1922, walitaka kuinua hali ya watumishi na kuelimishana. Nadhani wangekubali kwamba elimu isiyofika mtungini kwa jirani haijatimia.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu ukate shauri: kila mwanachama, kabla ya kuondoka likizo, aandike ni nani atakayetia sahihi mahali pake. Ni karatasi moja tu. Mimi sikuiandika.