Kelele za Mtoto na Kimya Chake

Mtoto akitimiza miezi 6, twanunua ndizi na viazi sokoni Kariakoo, twamponda chakula. Katika matonge ya kwanza huenda akakokomoa, ulimi nje, machozi yakimlenga. Tusitaharuki. Maadamu akohoa au alia kwa sauti, pumzi yapita, na koo lajilinda. Tumkalishe wima, tumwangalie. Tusimtie kidole kinywani, tusije tukalisukuma tonge ndani.

Bali akinyamaza ghafula, asiweze kulia wala kukohoa, midomo ikageuka rangi, huyo amesakamwa. Hapana kungoja. Mmoja aite msaada. Mwingine amlaze kifudifudi pajani, kichwa kikiwa chini ya kifua, ampige kwa kiganja mara 5 kati ya mabega. Tonge lisipotoka, amgeuze chali, ambonyeze kwa vidole viwili katikati ya kifua mara 5. Arudie hivyo. Hata likitoka, mtoto apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Mitaa ya Kariakoo ina makelele mengi, na kimya cha mtoto hakiiti mtu. Basi alapo, tuketi naye, tumtazame usoni.